Mgeni wa Mama Vénérande

Mkazi wa Katumba, yale makazi ya wakimbizi wilayani Mpanda, akitaka kwenda mbali, safari yake ya kwanza ni ya ofisini kuomba kibali. Épiphanie alipewa siku kumi na nne, za njiani zikiwemo. Ilikuwa Agosti 1993, mahindi yameshavunwa, na watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walikuwa wakipeana habari kwamba sasa unaweza kwenda kusalimia. Yeye alikimbia na shangazi yake akiwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alibaki. Miaka ishirini na moja hawakujua nani mzima nani kafa, mpaka ilipofika barua ya kaka yake, Siméon: Mama yupo, anaishi kwangu Bujumbura.

Mumewe, Telesfori, alimfungia dumu la asali akampandisha treni, akapande meli mbele ya safari. "Ukifika utalia mpaka uchoke," alimwambia. "Lia tu, mke wangu."

Hakulia. Mama yake, Mama Vénérande, alimkumbatia mlangoni, akampapasa mabega, akasema, "Karibu, mgeni wetu," kisha akaleta kiti chenye mto. Épiphanie alingoja machozi, hayakuja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Basi akawa anatembea mjini, maana pale nyumbani hakuachiwa kugusa hata kijiko. Tuseme ukweli, Bujumbura ulikuwa mji wa kutazama. Wanaume walibana mikate mirefu makwapani wakitoka kazini. Baiskeli zilishuka kutoka milimani zimesheheni ndizi hadi mwendeshaji haonekani, na breki yake ni kandambili. Wazee wakikutana walisalimiana mpaka mpita njia unachoka wewe, wakitakiana ng'ombe wengi, na mtaa mzima hakuna hata ndama. Kule Mpanda, Msukuma akikutajia ng'ombe, geuka nyuma utawaona. Épiphanie aliyatazama yote hayo na hakuna lililomgusa, wala la kumchekesha.

Barabarani nusura auawe. Nchi ile magari hupita upande wa kulia, naye aliangalia kule alikozoea kuangalia akivuka barabara ya Kashaulili, kule Mpanda mjini, ambako magari yenyewe ni machache kiasi kwamba unayajua kwa majina ya wenyewe. Breki zikalia, watu wakapiga kelele, dereva akatukana kwa Kifaransa. Épiphanie alimaliza kuvuka akaendelea na njia yake. Jioni ndipo alipokumbuka kwamba hata hakushtuka, na hilo likamtia hofu kidogo.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikapita, ya nne, ya tano. Hakutaka kitu kingine duniani: Mama amtume maji tu, amkaripie kama binti wa nyumba ile. Badala yake aliletewa soda, na majirani wakaambiwa, "Huyu ni mgeni wetu kutoka Tanzania."

Siku ya sita, ya kuondoka, Épiphanie aliamka mapema, akachukua ufagio akaanza kufagia uwanja. Mama alitoka ndani mbiombio akamnyang'anya.

"Mama, mimi si mgeni. Ni mtoto wako."

"Najua. Nilikuzaa mimi. Na matanga yako niliyaweka mimi, nikayaanua mimi." Mama aliushika ule ufagio kwa mikono miwili. "Meli yako ni saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi nenda ukakae. Nikikuacha ufagie leo, ukishaondoka nitaanza kukulilia upya, na nguvu hizo sina tena. Mgeni akiondoka haliliwi."

Épiphanie alikwenda akakaa. Mama akamaliza kufagia mwenyewe, polepole, akiwa amempa mgongo.