Mtafsiri wa Mlandege na Arusi ya Ndugu Wawili

Saa nane mchana. Eveline Kalinga anashika maikrofoni, anawaamkia wateja "Kamwene," kisha anaanza kunguruma kwa sauti ya kanali mzee. Ndani ya kibanda umiza, banda la kuonyeshea sinema la Mlandege, mjini Iringa, chombo cha anga kwenye skrini kinatua kwenye sayari nyekundu na mabenchi yote yanatulia.

Amos tu ndiye hajatulia. Fundi pikipiki huyu amekaa mbele, mikono ameifumbata, na Eveline hamwamini hata chembe.

"Huyo haji kuangalia picha," anasema Eveline, akiifunika maikrofoni kwa kiganja. "Anakuja kunivizia mimi."

Eveline, aliyeacha ususi ili atafsiri sinema, hulipwa shilingi elfu tano kwa picha, na kwa hizo anasomesha watoto wawili. Mgogoro wake na Amos ulianzia sehemu ya kwanza ya picha hii, Safari ya Zohali. Nahodha wa kike na rubani wa kiume walikuwa wawili tu ndani ya chombo, chumba kimoja, miezi na miezi. Nyuma alikaa Mama Regina, mwenye kibanda, pamoja na wanakwaya wenzake wa Kilutheri. Eveline alipoona nyuso zao zinakunjamana, akawahi kutangaza kwamba hao ni ndugu wa tumbo moja. Akina mama wakapumua.

Asubuhi ya leo ameipitia peke yake sehemu ya nne, hii ya leo, akaona kitakachomuumbua. Ndugu wanaoana.

Uongo wenyewe ulikwisha kunuka. Budeba, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Usangu, aliiona picha hiyo Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa mtafsiri mwingine, na huko hakusikia habari ya undugu. Wateja wakagawanyika. Wengine walisema Makongolosi wanajua dhahabu, sinema hawaijui. Amos akasema hapa kuna mtu anatuchezea. Mama Regina alitoa onyo moja: siku watu watakapodai viingilio vyao, ataita mtafsiri kutoka Mbeya.

Sasa kwenye skrini mzee mwenye joho la fedha anawainulia maharusi mikono. Amos anasimama.

"Dada Eveline, ngoja kwanza. Hawa si ulituambia tumbo moja?"

Eveline haisimamishi picha. Anaikokota sauti ya mzee wa joho: "Wanangu, mama yenu kabla hajakata roho aliniita. Akasema, huyu kijana nilimwokota."

Mwanakwaya mmoja anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mama yao? Yule mwenye kovu wa sehemu ya pili? Kafa lini?" anauliza Amos.

"Kabla ya picha hii kuanza," anajibu Eveline kwa sauti ile ile ya mzee wa joho.

Amos anakaa, lakini macho yake hayajakubali. Hakuna anayedai kiingilio, na picha inapokwisha Mama Regina anamletea Eveline chai ya maziwa.

Akikunja nyaya, Eveline anaeleza mpango wake. Anataka kurekodi tafsiri zake ziuzwe hadi Mbeya, na kuanzia sasa ataangalia sehemu zote hadi mwisho kabla ya kufungua mdomo. "Njia ya mwongo ni fupi," anasema, akicheka bila raha.

Nje, Mama Regina amekwisha kubandika bango la sehemu ya tano. Katikati amesimama mwanamke mwenye kovu shavuni, mzima wa afya, bunduki mkononi. Amos yuko mbele ya bango hilo.

"Dada Eveline," anaita taratibu, "njoo mara moja."