Karani Ametoka, Mwenyekiti Hajaja

Mimi ni fundi cherehani hapa Kilwa Masoko, na nyumba yangu na ya Rehani ukuta ni mmoja. Ndiyo maana watu huniuliza mimi, kana kwamba nilimzaa: hivi yule jirani yako ana akili timamu? Anazo. Tatizo ni kwamba anazo za watu watatu.

Kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta. Kikundi cha wavuvi cha Somanga kilimtaka atengeneze ya kuandikisha samaki: mvuvi aone mzigo wake tu, karani aandike, mwenyekiti aidhinishe. Kila mmoja na akaunti yake na neno lake la siri. Rehani akaijaribu kwa akaunti yake mwenyewe, ile ya msimamizi, isiyokatazwa kitu. Kila akigusa, panafunguka. Siku ya uzinduzi, pilau liko jikoni, Theresia karani akaingia kwa akaunti yake mbele ya kikundi kizima. Kioo kikaandika: Huna ruhusa. Akajaribu mwenyekiti. Huna ruhusa. Watu walicheka mpaka pilau likashika chini.

Rehani alirudi amenuna, akaapa kutojaribu tena programu kwa akaunti inayofungua kila kitu. Angejaribu kama mvuvi, kisha kama karani, kisha kama mwenyekiti. Kiapo kizuri, sina neno. Lakini huyu bwana hajui kufanya jambo nusu. Alikuja kwangu akaagiza kanzu ya mwenyekiti na shati la karani la mifuko miwili. Mvuvi hakuhitaji kushonewa. Alivaa msuli tu, kifua wazi.

"Da Debora," akaniambia, "nikivaa vya mtu ndiyo nakumbuka asichoruhusiwa."

Nikashona. Kazi ni kazi.

Basi nyumba ile ikapata wanaume watatu katika mwili mmoja. Asubuhi Mwanaidi, mkewe, akisema unga umekwisha, kumbe amemwambia karani. Jioni akiuliza unga uko wapi, mwenye kanzu anamjibu kwa upole kabisa, "Hilo ungemwambia karani."

"Karani mwenyewe yuko wapi?"

"Ametoka."

Nilikuwa nasikia yote ukutani, nacheka mpaka sindano inanichoma.

Nilikoma kucheka siku Mwanaidi alipopandwa na homa. Alikuwa anatetemeka kitandani, akamwomba mumewe ampeleke hospitali. Rehani, na msuli wake, akamjibu kwamba mvuvi haidhinishi safari, angoje kidogo mwenyekiti aje. Akaanza kutafuta kofia ya mwenyekiti. Mpaka anaipata, mimi na Mwanaidi tulishafika hospitali kwa bajaji. Nilikasirika jamani! Nilitamani kuichana ile kanzu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwanaidi alipopata nafuu akampigia simu mama yake, Bi Umi, kule Likawage, aje amchukue. Hakuwa anatisha mtu. Alianza kukunja nguo siku ileile.

Bi Umi alifika mchana, na kikapu chake cha korosho, akapiga hodi. Mimi nilikuwa kibarazani kwangu na cherehani. Mlango ukafunguliwa na mvuvi. Kifua wazi, mbele ya mama mkwe! Bi Umi akajifunika uso kwa kanga haraka, nami nikainamia mshono wangu kwa aibu isiyonihusu.

"Karibu," mvuvi akasema, "ila mimi sina ruhusa ya kukaribisha wageni."

Akarudi ndani. Akatoka karani, vifungo vyote hadi shingoni, akamwuliza mama mkwe wake jina na anakotoka. Akaingia tena. Akatoka mwenyekiti, na kanzu yangu, na kofia, akatangaza kwamba mgeni ameidhinishwa.

Bi Umi, aliyekwisha kujikalia kigoda cha pale mlangoni, hakuinuka.

"Haya baba," akasema. "Mvuvi nimemwona, Mungu anisamehe. Karani nimemwona, na wewe mwenyekiti nakuona. Mimi nimetoka Likawage kumfuata mkwe wangu, yule aliyemwoa mwanangu. Yupo?"

 Rehani akageuka kutazama chumbani, kana kwamba mtu huyo angetokea huko.

"Huyo, mama," akasema polepole, "sijamfungulia akaunti."

Aliyetokea chumbani ni Mwanaidi, na begi lake.

"Nilijua," akasema, machozi yanamtoka. "Mimi ndani ya nyumba yangu, kila ninapogusa sina ruhusa. Nimechoka, Rehani."

Rehani akaingia ndani. Safari hii alikawia. Alipotoka alikuwa na suruali iliyochakaa na ile fulana yake ya kwendea sokoni, ambayo nilikuwa nimeisahau. Akachuchumaa mbali na mama mkwe, macho chini, kama inavyopasa.

"Shikamoo, mama."

Nikaacha kukanyaga cherehani, nisikie.

"Marahaba."

Rehani akainuka, akanyoosha mkono kupokea begi. Mwanaidi hakuliachia.

"Una ruhusa?" akamwuliza.

"Sina," Rehani akasema. "Naomba."

Begi lile lina vishikio viwili. Mwanaidi alimwachia kimoja.