Doña Obdulia Hataki Kuandika "Hakuna"

Saa tatu asubuhi, chini ya matao ya uwanja wa Santo Domingo jijini Mexico, doña Obdulia Zepeda anasafisha taipureta yake kwa mswaki wa zamani. Hajanywa hata kahawa. Mara mwanamke asiyemfahamu anatokea kati ya nguzo, shali ya buluu kichwani, karatasi iliyokunjwa mara nyingi mkononi. Anaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye unayeandikia watu?"

"Ndiye mimi, mama. Barua ya nani?"

"Sitaki barua. Nisomee hii, uniambie kwa nini haijamleta kaka yangu."

Mgeni huyo ni Eufrosina Tecuatl, miaka sitini na nne, kutoka milima ya Puebla. Kaka yake, Crispín, alikuja mjini miezi minne iliyopita kutazamwa macho, na hakurudi. Kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoroka. Eufrosina alitoa taarifa katika ofisi moja inayoshughulikia watu waliopotea. Karani akajaza fomu, akampa nakala.

Doña Obdulia anaisoma kwa sauti. Umri, miaka sabini na mmoja. Urefu wa wastani. Nywele nyeupe. Kisha anafika kwenye mstari ambao yeye huujali kuliko mingine yote: *señas particulares*, alama za pekee za mtu. Hapo karani ameandika neno moja tu. Hakuna.

"Hakuna?" anauliza doña Obdulia, na anairudisha karatasi mezani polepole kama sahani yenye ufa.

Neno hilo amegombana nalo kwa miaka thelathini na mitatu, tangu mama yake wa ubatizo alipomwachia kiti hiki na taipureta yake. Hutoza peso hamsini kwa ukurasa. Siku njema hupata kurasa kumi, siku mbaya mbili, na siku mbaya zimekuwa nyingi tangu kila mtu awe na kompyuta mfukoni. Fomu za kazi, za shule, za pensheni, zote zina mstari ule. Wateja wote humwambia, andika hakuna, twende.

Yeye haandiki.

"Ukimvua mtu kila kitu ambacho jirani yake pia anacho, kinachobaki ndiyo *seña* yake," anasema. "Kinaweza kuwa kidogo kama punje ya dengu. Lakini kipo."

Mwaka juzi alimzuia mlinzi mmoja wa usiku kwa dakika kumi, akimtazama tu, mpaka alipogundua kwamba jicho lake moja hukonyeza kila anapotaja namba. Akaliandika. Don Leobardo, anayechapa kadi za harusi meza ya pili, hajaacha kumcheka hadi leo.

"Yule bwana alidhani unamchumbia, Obdulia! Alilipa huku anakimbia."

"Na kazi akapata. Wewe endelea na maua yako ya dhahabu."

Lakini leo haendelei na utani. Anamgeukia Eufrosina.

"Mama, kaka yako hana alama hata moja?"

"Anazo tele. Nani kasema hana?"

"Imeandikwa hapa."

"Ah!" Eufrosina anaweka kiganja shavuni. "Yule kijana aliniuliza, kaka yako ana *señas*? Nikamwambia hapana, hana tena. Mvua za Septemba ziliiangusha nyumba yake yote. Tangu hapo analala kwangu."

Doña Obdulia anavua miwani. Huko milimani, na hata kwa wazee wengi wa mjini, *señas* za mtu ni mahali anapokaa: nyumba ya mwisho baada ya kisima, mlango wa kijani. Neno ni lile lile. Karani aliuliza mwili, akajibiwa nyumba.

"Miezi minne!" anasema don Leobardo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mashine yake inanyamaza.

"Haya, tuanze upya," anasema doña Obdulia akiingiza karatasi safi. "Kaka yako nitamtambuaje katikati ya wazee mia?"

"Sikio la kushoto halina ncha. Nyumbu wetu wa mizigo alimng'ata."

"Bikira Maria! Na hukumwambia karani?"

"Hakuniuliza masikio!"

"Na huyo nyumbu, ana alama gani?" anachomekea don Leobardo.

"Nyumbu alikufa, don. Nadhani sikio lilimkwama."

Matao yote yanacheka, na Eufrosina mwenyewe anacheka, kisha anafuta macho kwa ncha ya shali. Mengine yanafuata, moja baada ya jingine, mpaka ukurasa unajaa hadi chini.

Eufrosina anauchukua, lakini hasimami. Kihispania chake ni cha sokoni, anasema. Lugha ya nyumbani ni Kinahuatl. Mbele ya dirisha la ofisi maneno humponyoka. "Wataitazama, waigonge muhuri, waiweke chini ya nyingine."

"Nitakwenda nawe," anasema doña Obdulia. "Na hatutoki pale mpaka waisome yote. Mstari kwa mstari. Nakuahidi."

Wanafunga taipureta wakati wakili mmoja anapofika akihema, na mkataba wa kurasa themanini. Anautaka uchapwe kuanzia sasa hivi, uwe tayari kesho alfajiri. Atalipa peso elfu nne, kodi ya chumba cha doña Obdulia kwa mwezi mzima. Tangu Januari hajapata kazi kama hiyo.

Anautazama mkataba kwa muda. "Nimeshaahidi, wakili. Jaribu tao la nne."

"Umekuwa mtakatifu lini?" don Leobardo anamnong'oneza.

"Nilindie kiti, mpumbavu wewe."

Ofisini wanasubiri kwa saa mbili. Doña Obdulia anautumia muda huo kueleza mpango wake: anataka kuwaandikia wakubwa wa ofisi hiyo, bure, kwamba mstari ule ugawanywe. Mmoja uulize, anaishi wapi? Wa pili uulize, mtamtambuaje? "Maneno ya kila siku. Hata mimi nisihitajike."

Karani wa leo ni mwingine, kijana mpole. Anasema ukurasa umezidi nafasi.

"Ubandike nyuma. Lakini kwanza usome."

Anasoma. Akifika kwenye sikio anasita, anatafuta kitu kwenye kompyuta, anainua simu. Anaongea na nyumba moja ya wazee upande wa mashariki. Sikio lipi? La kushoto? Ndiyo. Mzee yupo pale tangu Machi, bila jina.

Eufrosina ameshasimama. Karani anatabasamu, anataka kukata simu.

"Malizia, kijana," anasema doña Obdulia.

"Lakini doña, tumempata!"

"Umepata sikio. Nyumbu wameng'ata wengi. Soma."

Kijana anasoma kwenye simu. Huwavulia mbwa kofia. Hukunja tortilla, chapati ya mahindi, mara tatu, kamwe si mbili. Husimulia hadithi, na hucheka kabla ya kufika mwisho.

Kutoka upande wa pili wa simu, sauti ya muuguzi inasikika mpaka kwenye benchi. "Kila jioni! Hapa hakuna anayejua zinaishaje!"

Eufrosina anashika mlango kwa mikono miwili. Doña Obdulia bado ameketi, mkoba magotini.

"Imebaki mistari miwili," anasema.

Na kijana anaisoma.