Paa la Kuvuja la Bwana Yusufu

Jumapili, 24 Septemba 1961. Rasharasha tangu alfajiri, jua likichungulia na kujificha.

Nimetoka Kengeja kwa sababu mbili, na naziandika zote nisije nikajipendelea. Bwana Yusufu, Myahudi wa Aden anayetengeneza saa Chake Chake, ameniita nimwezekee kibanda cha sikukuu yao, wanachokalia kula siku hizo. Ya pili, nyumbani pamenishinda. Mke wangu tulimzika mwezi uliopita, na kaka yangu Hamadi hakuja mazikoni kwa ajili ya vyama hivi vya siasa, yeye chake nami changu. Haki ya Mungu, nami sikwenda arusi ya bintiye.

Mtambile gari lilisimama. Mama mmoja mwenye pakacha akauliza, "Hili gari la chama gani?"

"La petroli, mama. Panda!" akajibu utingo.

Hakupanda.

Chake nilifika kabla ya adhuhuri. Bwana Yusufu alikwishasimamisha nguzo uani. Naye kafiwa na mkewe mwaka huu. Kifungo cha shati kimekatika, hakuna wa kumshonea. Nikaezeka makuti mawili mawili, kama ninavyomwezekea mtu ninayemheshimu. Alasiri akaingia, akatazama juu.

"Fundi Makame, linavuja?"

"Hata gharika ije, halivuji."

"Basi halifai. Sheria yetu, mtu akikaa ndani lazima nyota zionekane. Weye umenijengea ghala la karafuu!"

"Yakhe, Kengeja wakisikia nimeezeka paa la kuvuja, nani ataniita tena?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nikapanda tena, nikawa nachomoa kuti moja, naacha moja. Mikono yenyewe ilikuwa inaona haya.

Baada ya sala ya magharibi akaniita kibandani. Nilisita, maana elimu yangu ya dini ndogo. Ila chuoni, tulikosoma Kurani, tulifunzwa kuwa chakula cha watu wa Kitabu tumehalalishiwa. Viti vinne, tukakalia viwili. Majirani aliowaalika hawakuja, kila mmoja akichelea kumkuta mwenziwe wa chama kingine.

Nikamuuliza, "Na msiba huu, Bwana Yusufu, sikukuu ya nini?"

"Tumeamrishwa tufurahi siku saba, Fundi. Kufurahi siwezi. Kujenga naweza, na kualika naweza."

Akamega mkate. Mvua ikatudondokea kwenye mchuzi, nami nikainamisha kichwa, kazi yangu hiyo. Yeye akaanza kuimba huku machozi yanamtoka. Wingu likapita, mwezi mpevu ukaingia mpaka mezani.

Jumatatu, 25 Septemba. Nimerudi Kengeja. Nilichotoka nacho, kama sijakosea, ni kwamba furaha yaweza kutandikiwa mkeka kabla haijafika. Jioni nikatandika mkeka uani, nikamwambia binti yangu Asha, "Nenda kwa baba yako mkubwa Hamadi, mwambie chakula tayari."

Akarudi peke yake.

"Kasema hana njaa, baba. Lakini kauliza kama ni muhogo wa nazi."

Ulikuwa huo huo. Tukala muhogo wa nazi kwa papa mkavu, na sahani ya Hamadi tukaifunika kawa.