Mishale Isiyokosa

Mume wangu ni fundi saa, na nasema "ni" kwa sababu sijui niseme nini kingine. Mtu ameinamia meza moja miaka thelathini na moja, anapuliza vumbi kwenye vitu ambavyo mimi hata kuviona sivioni, halafu siku moja umwiteje? Mstaafu? Mgonjwa? Hayo majina mimi simpi, na atakayempa mbele yangu tutakosana.

Meza yake ilikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la saa, karibu na dirisha, ukingo wake umebonyea pale alipozoea kuegemeza viwiko. Wateja walimjua kwa mambo mawili. Kila saa aliyoitengeneza aliikwaruza tarehe ndani ya mfuniko wa nyuma kwa ncha ya sindano, namba ndogo kama nyayo za sisimizi. Halafu, hakuwa na maneno matamu. Saa ikiwa imekufa, alikwambia imekufa. "Hii rudi nayo nyumbani, mama, iweke kabatini iwe kumbukumbu." Mwenye duka alimlalamikia wee, kwamba anafukuza wateja. Wapi! Walirudi kwake huyohuyo, kwa sababu akikwambia saa yako nzima, ni nzima kweli.

Kilianza kidole gumba cha kulia. Kilikuwa kinajisugua kwenye kidole cha pili, chenyewe tu, hata akiwa ametulia anasikiliza redio. Nikamtania, "Mzee, unahesabu nini?" Akacheka. Baada ya miezi michache ulikuwa mkono mzima, na hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Daktari alitwambia, "Huu ugonjwa hautoki. Dawa zitaupunguza kasi, na mazoezi ya vidole yatasaidia." Tulikuwa wawili kwenye kile chumba, tumesikia maneno yaleyale, lakini kila mtu alitoka na yake. Mimi nilitoka na "hautoki." Yeye alitoka na "mazoezi."

Mwenye duka sina ugomvi naye. Alimwita pembeni, akamwambia, "Mzee wangu, nenda kapumzike. Meza yako haiguswi mpaka mwaka uishe. Siku ukiona mkono umetulia, njoo ufungue saa moja mbele yangu, uifunge, tuendelee na kazi. Lakini njoo ukiwa na hakika. Mimi kukutazama mara mbili sitaweza." Basi hilo likawa ndilo neno la nyumba yetu. Saa moja, mara moja. Akiiweza, anarudi kwenye meza yake; akishindwa, ndiyo basi.

Miezi ya kwanza alikaa tu. Mimi napiga pasi kwa dobi, natoka asubuhi narudi saa tisa, namkuta kwenye kiti nilichomwachia, mkono wa kushoto umeushika wa kulia kama polisi aliyekamata mwizi. Namimina chai, namjazia kikombe nusu ili asijimwagie. Ohoo! "Jaza kikombe, mama. Mimi si mtoto." Najaza. Chai inamwagika kwenye kisahani, inamwagika kwenye suruali, mimi nafuta huku naangalia sakafu, yeye anaangalia dirishani. Tuliishi hivyo.

Binti yetu ndiye aliyeleta mchezo wa simu. Tuna binti mmoja, fundi simu, mikono kaichukua kwa baba yake na mdomo kauchukua kwangu. Jumapili moja akaja na simu yenye kioo kikubwa, akamwekea baba yake mapajani. "Baba, daktari alisema mazoezi. Basi fanya mazoezi."

Ni mchezo wa vita. Watu watano huku, watano kule, kila mtu yuko kwao na simu yake, wanachapana kwenye uwanja wenye minara, na mwisho wanaobomoa nyumba kuu ya wenzao ndio washindi. Kila mtu anachagua shujaa wake. Binti akamchagulia msichana mwenye upinde, aliyeandikwa chini yake "Rahisi". Mzee akainua nyusi. "Kwa nini unipe rahisi?"

"Kila mtu anaanza na huyu, Baba. Hata mimi nilianza naye."

Siku ya kwanza alikufa mara kumi na moja katika mchezo mmoja. Mwenzake wa timu, sijui ni mtoto wa nani huko aliko, akaandika, "Babu, nenda kalale." Mzee akaiweka simu chini, akashtuka kweli. "Wamejuaje umri wangu?" Binti alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, jamani, mara ya kwanza mwaka ule.

Baada ya hapo akaugeuza kazi. Alinunua daftari, akaandika somo lote la binti yake, kwa mwandiko uliotambaa mistari mitatu mitatu, yeye ambaye alikuwa anaandika tarehe ndani ya mfuniko wa saa ya mkononi. Kwamba usiwatangulie askari wadogo, waache wapigwe wao kwanza. Kwamba usisimame chini ya mnara wa adui hata kama unamwona mtu wa kumalizia. Kwamba damu ikipungua urudi nyumbani, hakuna aibu. Kwamba ununue viatu kabla ya silaha. Yule msichana wa upinde akamwita mjukuu. Narudi kazini nimechoka, mgongo unauma, napokewa na, "Mama, mjukuu leo kaua wanne!" Nilizaa mmoja, na huyo hajaolewa, leo nina mjukuu muuaji.

Lakini nilikuwa nakwenda kutazama. Ananisogezea kiti, "Njoo uone." Kidole gumba kinatetemeka juu ya kile kioo kama jani, lakini anabonyeza, mshale unatoka, unampata mtu. Anabonyeza, unampata. Anapumua kidogo, anangoja, anabonyeza. Akaacha kufa hovyo. Wakamtoa daraja la chini wakampandisha la shaba. Wenzake wakaanza kumwandikia, "Fundi, safi," maana ndilo jina alilojipa. Akanyoa ndevu. Akaanza kuniuliza habari za kazini kwangu. Akaniambia nijaze kikombe, nikajaza, kikamwagika, akasema, "Leo kimemwagika kidogo kuliko jana, umeona?" Sikuona. Nikasema nimeona.

Siku moja nilimpitia binti kwenye kibanda chake, nikajisifu. "Mkono wa baba yako unapona. Wiki nzima hajakosa mshale hata mmoja."

Binti alikuwa amefungua simu ya mtu. Akaweka bisibisi chini. "Mama, yule shujaa hakosi."

"Ndiyo nakwambia."

"Hunielewi. Hakosi kwa mtu yeyote. Ndiyo maana wanapewa wanaoanza. Ukishabonyeza tu, mshale unajitafutia adui wenyewe. Hata paka akikanyaga kile kitufe, anaua." Akafuta mikono kwenye kitambaa. "Nilimpa yule ili asikate tamaa. Nilidhani atacheza wiki mbili, azoee, nimwambie, nimbadilishie."

Nilikaa kwenye kile kistuli chake cha wateja. Halafu nikafanya nililolifanya, sitalificha. Nikamwambia, "Usimwambie."

"Mama."

"Nyamaza. Umemwona anavyocheka? Mwache acheke. Utamwambia siku nyingine."

Siku nyingine! Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Sisi ilituumbua saa.

Kwa sababu Jumatatu iliyofuata alipandishwa daraja la fedha, na kabla sijavua viatu aliniambia, "Nimempigia mwenye duka. Nimemwambia niko tayari. Alhamisi saa nne." Alikuwa amesimama wima katikati ya chumba. Nilikuwa na Jumanne yote na Jumatano yote ya kusema. Jumanne nilisema nitasema baada ya chakula. Jumatano nilipiga pasi shati lake jeupe, nikapiga kola mara tatu, na kila nikifungua mdomo yeye ananiambia habari za ile meza, sijui kiti anataka kirekebishwe mguu, sijui taa ihamishwe kushoto. Nikajiambia, labda. Dawa anakunywa, vidole anavichezesha, labda. Mimi ninayejidai sina masikhara na mtu, nikasema labda.

Alhamisi tukaenda. Mwenye duka alikuwa ameifuta meza, akaweka taulo safi, kibano, bisibisi ndogo, kisahani cha skrubu, na ile lenzi yake ya jichoni. Akatoa saa kwenye droo, saa ya kawaida ya mkononi. "Hii ni kusafisha tu, mzee. Hakuna haraka."

Mzee aliufungua mfuniko wa nyuma kwa kisu, na ukafunguka vizuri. Akausogeza kwenye taa, akatabasamu, akatuonyesha. Ndani palikuwa na tarehe yake mwenyewe, ya miaka kumi na tisa iliyopita. Namba zile ndogo, zimenyooka kama zimechapwa. "Ilishapita mikononi mwangu hii," akasema. "Inanijua."

Akashika bisibisi. Ikateleza, ikakwaruza chuma, akacheka kidogo. Ikateleza tena. Skrubu ya kwanza ilitoka mara ya tano. Kisha akachukua kibano, akaegemeza viwiko palepale palipobonyea, akapumua, akangoja. Nilijua anafanya nini. Alikuwa anangoja kama anavyomngojea adui pale uwanjani. Akashusha mkono.

Katikati ya saa kuna uzi wa chuma uliojikunja, mwembamba kuliko unywele, ndio unaoifanya saa iwe saa. Kibano kiliukamata, mkono ukaruka, na ule uzi ukanyooka. Hata mimi niliuona.

"Subiri kidogo," akasema. Akajaribu kuurudisha, ukajifunga fundo. "Subiri kidogo." Kiwiko kikagonga kisahani, skrubu ikadondoka sakafuni. "Subiri."

"Basi, mzee," mwenye duka alisema. "Basi."

Mume wangu alikuwa ameshapiga magoti anaitafuta skrubu. Mwenye duka naye, na suruali yake ya suti, akapiga magoti. Wanaume wawili wanapapasa sakafu kutafuta skrubu ya saa iliyokwisha kuharibika. Mzee ndiye aliyeiona. Akapeleka vidole, ikakimbia. Akapeleka tena, akaisukuma mpaka kwenye mguu wa meza. Mwenye duka akaiokota, akaiweka mfukoni mwake. Alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimesimama na mkoba wangu, namchukia mtu mmoja tu mle ndani, na huyo ni mimi.

Jioni binti alikuja. Baba yake alimngoja akae, ndipo akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, "Niambie. Mbona kwenye simu napata?"

Binti akamwambia. Alimweleza taratibu, bila kumficha, na machozi yanamtoka.

"Kuna shujaa ambaye mishale yake haijitafutii mtu?"

"Wapo, Baba. Lakini si lazima leo."

"Niwekee."

Akamwekea. Tulikaa kushoto na kulia kwake, tukatazama. Mshale wa kwanza ulikwenda kwenye miti. Wa pili ukaenda mtoni. Alimaliza mchezo mzima, dakika ishirini, akirusha mishale kwenye mawe na ukuta, na hakumpata hata mmoja. Wenzake wakaandika waliyoandika. Akaizima simu, akaiweka mezani, akaisawazisha na ukingo.

"Na mama yako alijua?"

Binti akaniangalia. Hiyo ilitosha.

Nilidhani atafoka. Ningependa afoke, nami ningejibu, mdomo ninao. Akanigeukia tu. "Miaka thelathini na moja," akasema, "sijawahi kumrudishia mtu saa mbovu nikamwambia ni nzima."

Niliinuka nikaenda kuchemsha chai, kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Nikaleta vikombe vitatu. Nilipoanza kummiminia, nikajaza, nikawa najaza mpaka juu, safari hii nilitaka mwenyewe kijae.

Akaweka kiganja juu ya kikombe, kiganja kinatetemeka, mvuke unapita kati ya vidole.

"Nusu inatosha," akasema. "Ahsante."

Huu ni mwezi wa pili sasa. Bado anacheza, na yule shujaa mgumu, anashindwa, wamemrudisha daraja la chini kabisa. Nikirudi kazini namkuta na simu, namsalimu, ananiitikia vizuri. Kile kiti alichokuwa ananisogezea kiko ukutani. Namjazia kikombe nusu, anakunywa, hakimwagiki.