Matanga Yaliyomngoja Reine

Thérèse hajui kukaa. Mimi naishi flati ya chini yake hapa Neasden, kwa hiyo siambiwi na mtu, nyayo zake nazisikia darini kutwa. Akitoka kwenye nyumba ya wazee tunakofanya kazi sote wawili, badala ya kulala anapiga deki. Akimaliza deki anapiga pasi. Siku moja nilimkuta anapiga pasi vitambaa vya kupangusia vyombo. Nikamwambia, "Shoga, hata ikulu hawafanyi hivyo." Akacheka, akageuza kitambaa upande wa pili, akaendelea.

Ana sababu zake. Kwao ni Fizi, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kwetu Kasulu, Kigoma, ndiyo maana tulipokutana London tukashikana kama ndugu. Vita vilimtoa kwao bado msichana, akaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hukohuko kwetu Kasulu, na mama yake na mdogo wake wa kike, halafu yeye akatangulia Ulaya. Akiwa huku anasubiri mahojiano ya Home Office, wanaotoa makaratasi ya ukimbizi, yule mdogo wake akafa kambini, akaacha mtoto mchanga. Ndugu wakakaa kikao: Thérèse asiambiwe, atachanganyikiwa, atanyimwa makaratasi. Wakamficha. Akaenda kuhojiwa, akajibu vizuri, akapewa makaratasi, ndipo simu ikapigwa. Kaburi lilikuwa limeshaota majani.

"Gaude," ameniambia mara nyingi mno, "walinipa makaratasi, wakaniibia kilio changu."

Mtoto aliyeachwa ndiye Reine. Alilelewa na bibi yake kambini mpaka akawa binti, kisha mjomba wake, kaka yake Thérèse, alipopata nafasi ya kwenda Amerika akaenda naye Kentucky. Bibi alikataa katakata. Alisema mifupa yake haitaki kujifunza Kiingereza. Na kwa desturi zetu mtoto wa mdogo wako ni wako, basi Reine alimwita Thérèse "Mama" kwenye simu miaka yote hiyo, na hawajawahi kushikana mikono.

Sasa, shule za Amerika si kama zetu. Hawamalizi kwa mtihani mmoja wa kuumiza tumbo. Wanakusanya krediti, kila somo na krediti yake, zikitimia unavaa joho. Reine alianza kwa kuchelewa, Kiingereza kikampiga chenga, zikampungukia. Mwalimu wake mwenye huruma akamtafutia programu ya kiangazi: wanafunzi wa sekondari wanaletwa London mwezi wa saba, wanalala bwenini katikati ya mji, wanasoma historia ya familia, wakirudi krediti zao zinahesabiwa. Ila masharti yake! Ukikosa darasa zaidi ya mara mbili, umejitoa. Usiposimama siku ya mwisho kueleza kazi yako mbele ya watu, umejitoa. Na Reine umri ulikuwa unampita. Bila krediti hizo shule ingemfungia mlango, cheti angekisikia kwa jirani. Katika nyumba ya yule bibi hajawahi kutokea mtu aliyemaliza sekondari. Hata mmoja.

Basi mtoto akaja. Mrefu, miwani, mpole, Kiswahili chake bado kile cha kambini. Jumapili waliruhusiwa kutoka, akawa anakuja Neasden. Thérèse alimpikia sombe, kisamvu cha kwao, akamkaangia samaki, akamsuka, akamfumua akamsuka tena. Alikuwa anataka umama wa miaka yote uingie katika Jumapili nne. Mimi nilisema tu, "Mwache mtoto apumue." Nani anisikilize?

Halafu asubuhi moja tuko kituo cha basi, tumetoka kazini, simu ya Thérèse ikalia. Ni kaka yake kutoka Kentucky. Bibi ameondoka. Ameamka, amekunywa uji, akasema ajilaze kidogo, hakuamka tena. Thérèse akakaa chini, palepale kwenye lami, na sare ya kazi. Basi likasimama, dereva akafungua mlango, akatutazama, akafunga, akaenda zake. Miaka yote tuliyojuana, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa.

Neno la kwanza kumtoka lilikuwa, "Reine asijue."

Hapo nikapandisha. Sifichi, mimi hasira zangu ziko karibu na ulimi. "Wewe, Thérèse? Wewe uliyeibiwa kilio chako, leo unamwibia mwingine?"

"Ndiyo, mimi." Akaniangalia na machozi yanamshuka. "Makaratasi ninayo ao sina? Mutoto akisikia ataacha darasa, atapanda ndege. Ninamjua, ule ni mutoto wa bibi yake. Muache amalize kwanza."

Bado nilikuwa nimekasirika, lakini nikamshika mkono, nikamwinua kutoka kwenye lami.

Kwa Wakongo msiba hauna siri. Jioni ileile viti vya plastiki vya kanisani vilishafika, kochi limesukumwa ukutani, godoro limetandikwa chini sebuleni, na akina mama wamekaa juu yake na Thérèse katikati. Kila anayeingia anaanza kulia tangu ngazini, ndiyo heshima yenyewe. Ukifika kimya watasema umekuja kula. Mzee Israël, mzee wa kanisa, akaongoza sala, akasikia habari ya Reine, akakubali: mtoto wa mtihani haambiwi, hata kwao walifanya hivyo. Watu wote wakala kiapo cha kumficha, hata yule kaka wa Kentucky kwa simu.

Ila kiapo hakizuii Jumapili kufika. Asubuhi yake ikawa mbio. Godoro tuliliburuta hadi kwangu, nikalisimamisha nyuma ya kabati. Thérèse akavua nguo nyeusi, akavaa kitenge cha njano, akajipaka poda mpaka macho yakaonekana yamelala usingizi mzuri. Viti tu ndivyo tulivisahau, vimepangwa juu kwa juu kando ya dirisha. Na jambo la kwanza Reine kuona ni viti.

"Mama, kulikuwa feti hapa?"

Thérèse hakusita. "Eh, feti. Bethidei."

"Ya nani?"

"Ya Gaude."

Ya nani! Mimi niliyezaliwa mwezi wa pili, msimu wa mvua! Yule mtoto akanikumbatia, akaniimbia wimbo wote, akaniuliza mbona sikumbakizia keki. Nikasema tulikula ikaisha. Nilimtolea Thérèse jicho, angekuwa maziwa angeganda.

Hatujakaa sawa nikasikia kilio mlango wa chini. "Yooo! Mama yangu yooo!" Ni Miradie, mama mmoja wa kanisani. Alikuwa safarini Manchester, ndiyo kwanza anafika, hana habari ya kiapo. Niliteremka ngazi mbili mbili na magoti yangu haya, nikamkuta amefika nusu, mikono kichwani. Nikamziba mdomo kwa kiganja, nikamvutia ndani kwangu, nikafunga mlango. Masikini Miradie akadhani namkaba. Nilipomweleza akalilia kwenye mto wangu, kimyakimya, kisha akaondoka na viatu mkononi.

Niliporudi juu, Thérèse alikuwa anazima mashine ya kufyonza vumbi iliyofunika kilio kile, na Reine ana simu mkononi. Kazi yake ya mwisho, akasema, ni kumhoji mzee wa familia na kusimulia maisha yake. Yeye amemchagua Bibi. Amepiga mara kadhaa hapokei. "Mama, unisaidie, tumpigie pamoja."

Thérèse akasimama. Akachukua kitambaa, akapangusa meza iliyokuwa safi. "Netiwaki ya kambini imekufa," akasema. "Mvua."

Mvua, Kasulu, mwezi wa saba! Mimi ni mtu wa Kasulu, mwezi huo hata vumbi linaona kiu. Nikang'ata ulimi. Reine akainamisha kichwa, nikaona anavyohesabu moyoni: hakuna Bibi, hakuna kazi, hakuna kazi, hakuna krediti.

Hapo Thérèse akaacha kupangusa. "Uniulize mimi," akasema. "Mimi ni mutoto wake wa kwanza."

Wakakaa mezani, simu inarekodi. Thérèse akasimulia: mama yake alivyovuka ziwa na sufuria kichwani, alivyozika mtoto kambini na kesho yake akaamka kuchanganya maziwa ya yule mchanga aliyebaki. Kila baada ya muda anainuka, anafungua dirisha, analifunga, anarudi kukaa. Reine akauliza, "Kwa nini hukurudi kunichukua?" Thérèse akasema hakuwa na njia, na hata alipokuwa nayo, Bibi alimkatalia, alisema huyu mtoto ndiye aliyebaki wa kumliwaza, hamtoi mpaka akue. Mimi nikaenda jikoni kuosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa.

Siku zilizobaki zilikuwa za tabu tupu. Thérèse alikuwa akitoka kazini anapanda basi hadi karibu na bweni, anazunguka mitaa ile, anarudi bila hata kumwona mtoto. Mzee Israël akaja kumkumbusha kwamba siku zimetimia, matanga yaondolewe, watu warudi kwenye shughuli zao. Thérèse akakataa mbele ya watu.

"Mwenye kilio hajafika, Mzee."

"Mama Thérèse, matanga hayangojei mutu."

"Haya yatangoja."

Mzee akachukua kofia yake, akaondoka amenuna. Sijawahi kuona mtu akimjibu vile. Godoro likabaki kwangu nyuma ya kabati.

Siku ya mwisho ndugu walialikwa. Tukaenda, Thérèse na kitenge chake cha njano, mimi na moyo mkononi. Chumba kina zulia la bluu, wazazi wachache, mwalimu na karatasi zake za kutoa alama. Reine akapanda jukwaani. Akasimulia habari za Bibi, kwa Kiingereza kinachotembea taratibu lakini hakijikwai. Akasema Bibi alilima kwa kibarua mashamba ya vijiji vilivyozunguka kambi, akauza nusu ya mgao wake wa unga ili yeye anunuliwe madaftari. Vijiji hivyo ni vyetu, mashamba hayo ni ya wajomba zangu. Niliona aibu na fahari pamoja, sijui hata ipi ilitangulia.

Kisha akatabasamu. "Nikivaa joho," akasema, "nitampigia Bibi anione. Najua atakachosema. Atasema nimekonda."

Thérèse akapasuka. Hakuna neno jingine. "Mama yangu yooo!" Kilio cha siku zote zile kikatoka kwa mara moja, akaanguka kutoka kwenye kiti mpaka kwenye zulia. Watu wakashtuka, mmoja akakimbilia maji, mwalimu akasimama. Reine alikuwa kambini miaka mingi. Kilio kile anakijua maana yake. Akanitazama mimi. Nikajaribu kukwepa macho yake, nikashindwa.

Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba anaweza kushuka. Reine akainua mkono.

"Sijamaliza," akasema.

Akasoma ukurasa wa mwisho. Anafuata maneno kwa kidole, na mama yake chini anaomboleza. Hakuruka hata mstari. Alipofika mwisho akamshukuru mwalimu, akashuka, akavua viatu, akakaa kwenye zulia kando ya Thérèse.

"Tangu lini?" akauliza kwa Kiswahili.

"Kabla ya bethidei ya Gaude."

Akanigeukia. "Anti, kumbe haukuwa na bethidei."

"Sikuwa nayo, mwanangu."

Akamrudia Thérèse, akasema, "Mumenifanyia vibaya, Mama."

"Ninajua."

"Na mungeniambia ningeenda. Ningeacha yote."

"Ninajua. Hata mimi walinifanyia hivi, na sijawasamehe. Na wewe usipotaka kunisamehe, usinisamehe. Lakini umemaliza."

Ndipo Reine akalia, kilio cha kitoto, na Thérèse akampakata mtoto mrefu vile mapajani. Yule mwalimu akaweka karatasi zake chini, akaja akapiga magoti, akasema krediti ni zake, asiwe na wasiwasi.

"Mumeisha kulia?" Reine aliuliza tukiwa kwenye treni.

"Bado," Thérèse akasema. "Tulikungoja. Godoro liko kwa Gaude."

Tulifika Neasden bado kweupe. Nikalitoa godoro nyuma ya kabati, tukalipandisha, tukalitandika sebuleni. Mzee Israël akaja na kofia yake mkononi, hakutaja kununa kwake, akaanza sala upya tangu mwanzo. Thérèse alikaa na kichwa cha Reine mapajani, na hakuinuka hata kufunga dirisha. Nilikuwa napeleka chai nikasikia mlango wa chini, kisha Miradie anapanda ngazi, anaanza: "Yooo! Mama yangu yooo!" Nikasogea pembeni apite.