Swali la Tatu la Bi Rudia

Wifi yangu anafanya kazi kwenye dirisha la dawa la hospitali, na wagonjwa wamempa jina la Bi Rudia. Mwanzoni hakulipenda, lakini alijitakia mwenyewe. Haruhusu mtu aondoke na dawa kabla hajarudia kwa mdomo wake aliyoelezwa. Hata uwe mwalimu mkuu, hata uwe na haraka ya kuwahi harusi, utaegemea dirisha lile na kujibu maswali matatu: dawa hii ni ya nini, utakunywa lini, na siku ukiamka mzima utafanyaje?

La tatu ndilo linalowaangusha watu. Mtu na suti yake atajibu mawili ya kwanza kwa mbwembwe, akifika hapo anasema, "Aa, nikipona si naacha?" Basi Bi Rudia anatabasamu, anavuta pakiti upande wake na kumwambia, "Kaa pembeni kidogo, usikilize wenzako." Benchi la pembeni lipo kwa kazi hiyo. Nimeshamwona fundi bomba akikaa hapo mara mbili asubuhi moja, mfuko wa spana mapajani, anakariri kwa kunong'ona.

Mimi humtania kwamba kwa ukali ule angefaa kuwa polisi. Hunijibu kwamba mimi ningefaa kuwa king'ora. Ndivyo tulivyo sisi mawifi. Ukituona tumenyamaziana, ujue mmoja ana homa.

Mama yangu, yaani mama mkwe wake, anaishi nyumba moja na yeye na kaka yangu. Mwaka jana Mama alipimwa, akakutwa na presha. Wifi ndiye aliyemletea dawa nyumbani, akaziweka mezani kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, hizi ni za presha. Kimoja kila asubuhi."

"Nimesikia mwanangu, Mungu akubariki."

Yakaishia hapo. Nilikuwepo. Maswali matatu hayakuulizwa, na wala sikushangaa. Nani atamsimamisha mama mkwe wake na kumhoji kama mtoto wa darasa la pili?

Kila mwezi Wifi alileta dawa, kila mwezi Mama alimbariki, na presha ikabaki juu kule kule. Ijumaa moja daktari akakuna kidevu na kusema, "Jumatatu nikikuta hivi hivi, naongeza dawa." Wifi alirudi nyumbani amenywea. Hata mimi hakunitania.

Kesho yake nilikwenda kumfulia Mama mashuka. Kifungo cha foronya kilikuwa kimekatika, nikavuta bati la biskuti chini ya kitanda chake. Kila mtu anajua bati la biskuti la mama yeyote halina biskuti. Lina uzi na sindano. Nikafungua. Uzi ulikuwepo, sindano pia. Na chini yake vidonge vya presha, vingi havijaguswa kabisa, vimefungwa pamoja kwa mpira.

"Mama, hivi nini?"

"Akiba," akasema bila wasiwasi wowote. "Kichwa kikiniuma nakunywa, kisiponiuma naweka. Nikivimaliza nikiwa mzima, siku nikiumwa nitakunywa nini?"

Jumatatu angeongezewa dawa mtu ambaye hata ile ya kwanza alikuwa hanywi. Na siku ambayo angeamua kunywa zote kama alivyoandikiwa, presha ingeshuka kwa kishindo na kumwangusha chini. Nikamwita Wifi. Alikuja mikono imejaa povu la sabuni, akatazama bati, akakaa kitandani pu!

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mama akamtazama kwa upole ambao mimi, binti yake wa kumzaa, siupati kila siku. "Kule dirishani unawauliza wote, mwanangu. Mimi hujaniuliza."

Wifi akalia. Mimi nikajifanya natafuta uzi, maana na mimi ningeweza kuuliza, tena mimi ndiye mwenye mdomo.

Jumatatu Mama alimweleza daktari kila kitu mwenyewe. Daktari akaweka kalamu chini, akaacha dawa ile ile, akamtaka arudi baada ya wiki nne. Vile vya kwenye bati akaagiza virudishwe dirishani.

Tulipofika huko, mwenzake Wifi alitaka kumpitisha Mama mlango wa nyuma. Mama akakataa katakata. Akachukua namba, akakaa na wenzake, mkoba mapajani. Ilipoitwa namba yake, nikamsindikiza. Wifi akaeleza dawa kwa sauti ile ile ya chini ya nyumbani, akaisukuma pakiti mbele bila kuuliza lolote.

Mama hakuipokea. "Na mimi je? Niulize."

Wifi akasogea dirishani. "Dawa hii ni ya nini, Mama?"

"Presha."

"Utakunywa lini?"

"Kimoja, kila asubuhi."

"Na siku ukiamka mzima, utafanyaje?"

"Nitamshukuru Mungu!"

Foleni nzima ikacheka. Wifi hakucheka. "Na dawa, Mama?"

Mama akasita. "Siku hiyo... si naweza kuipumzisha kidogo?"

Kicheko kikakatika. Nilijua Wifi anatamani kumnong'oneza jibu, au ampe tu aende zake. Akavuta pakiti upande wake. "Mama, kaa pembeni kidogo, usikilize wenzako."

Sijawahi kumpenda wifi yangu kama dakika ile. Sijamwambia, atavimba kichwa.

Mama akaenda kwenye benchi, akakaa karibu na dereva mmoja wa lori. "Wewe umeangukia wapi?" akamuuliza.

"La tatu."

"Hata mimi." Kisha, kwa sauti ya kufika hadi mapokezi, "Unamwona yule? Mkwe wangu yule. Hana upendeleo!"

Wakawasikiliza watu watano wakihojiwa. Mama aliporudi dirishani alijibu yote, na la tatu alilijibu kabla halijaulizwa.

Sasa presha imeshuka, na bati lina uzi na sindano tu. Nikilala kwao, asubuhi huamshwa na sauti ya Mama ikitoka chumbani kwake mpaka jikoni: "Bi Rudia! Nimeamka mzima, na nimekunywa!"